Nyuzi ngoja kwanza, tutazame daraja

Mombasa, Mji wa Kale

Swahibu yangu, asalaam aleikum,

Wazima huko Malindi? Mama hajambo? Huku twashukuru, masika yameshika sawasawa na kila mwenye fidla analalamika vigingi vya kukazia nyuzi vimekwama.

Rekodi ulonitumia nimeiskiza vizuri na zile picha pia nimezikuza nikatazama. Waniuliza ununue nyuzi gani manake sauti ya fidla yako imefifia, yaani kama mtu anazungumza huku kajifunika blanketi. Nikwambie ukweli ndugu yangu, hizo pesa zako zishike kwanza. Kasoro naiona kwenye daraja, kile kibao kilichosimama juu ya fidla kikabeba nyuzi, na ukitia nyuzi za bei juu ya daraja hilo utapata sauti ile ile.

Fidla hizi za bei ya chini nyingi zaja na daraja ambalo halijamalizwa kuchongwa, nono toka chini mpaka juu. Juu pale nyuzi zinapokalia panatakiwa pawe na unene wa milimita moja na nusu hivi au chini kidogo, chini kwenye miguu ndo inafika nne na kitu. Lako kwenye picha naona juu limenenepa karibu mara mbili ya hapo. Sasa uzi peke yake hauna sauti ya maana, uzi unatikisa daraja, daraja linatikisa ubao wa juu, na ule ubao ndo unasukuma hewa ukumbini. Unakijua kile kidude cha kubana juu ya daraja ukitaka fidla ilie chinichini? Kile hakina siri yoyote ni uzito tu, sasa daraja nono ni sawa na kukiacha kimebanwa hapo mchana na usiku.

Halafu tazama lilivyosimama. Miguu yake inafaa iwe sambamba na vile vikato vidogo vya ndani kwenye matundu ya f, na ilale kwenye ubao bila mwanya hata wa karatasi, manake ubao umepinda na miguu lazima ichongwe ifuate ule mpindo. Ubavu unaotazama mkia wa fidla ndo unasimama wima, digrii 90, ule wa mbele ndo unalala kidogo. Na kila ukikaza vigingi nyuzi zavuta kichwa cha daraja kwenda mbele, ukiacha hivyo miezi mbao inapinda, siku moja linaanguka paa! na ubao unaweza kupasuka. Kwa hivyo kila ukishatyuni litazame kwa ubavu, likiwa limeinama lishike kwa mikono yote miwili, vidole huku na huku, ulirudishe polepole. Vile vifereji vya kukalia nyuzi vipake risasi ya penseli, uzi uteleze usilivute daraja, na visiwe vya kina, uzi ukizama wote unakabwa.

Urefu sasa, hapa ndo wengi wanaharibu. Pima pale ubao mweusi wa vidole unapoishia, kutoka ubao mpaka uzi: uzi wa E, ule mwembamba kabisa, iwe kama milimita 3 na nusu hivi, G, ule mnene kabisa, kama 5 na nusu, D na A zipande katikati yake kwa mviringo mzuri ili upinde uguse uzi mmoja bila kukwaruza jirani. Zikiwa juu sana vidole vinauma na sauti inakaza, zikiwa chini zinagonga ubao. Na wewe najua wapenda kutyuni kama wapigaji wa Misri, G D G D, hapo A na E umezilegeza na uzi mlegevu unacheza kwa upana zaidi, basi usikubali mtu akushushie upande huo sana hata kama mkono wako unapenda. Tena huu ni msimu wa mvua, mbao imekunywa unyevu na ubao wa juu umeinuka kidogo, ukichonga leo mpaka zikae chini kabisa, kaskazi ikija mbao ikakauka nyuzi zitashuka zenyewe na daraja ulilolipunguza halirudi. Acha akiba.

Kile kijiti cha ndani, kinachosimama nyuma kidogo ya mguu wa upande wa E, usikiguse. Hakina gundi, kimeshikwa na mbano tu, ndo maana nyuzi hubadilishwa mmoja mmoja, ukizitoa zote pamoja daraja laanguka na kijiti chaweza kufuata, na kukirudisha yataka chuma maalum na mtu anayejua.

Daraja likishakaa ndo tuongee nyuzi. Za chuma zinalia kali, zatulia upesi, ni za bei nafuu, kwa mwanafunzi hazina ubaya. Za utumbo ni tamu lakini zinasikia unyevu, na sisi tumekaa na bahari mlangoni, achana nazo. Kwa taarab mimi nakupendekezea zenye kiini cha nailoni kama Dominant za kampuni ya Thomastik-Infeld, ziko sokoni tangu miaka ya 1970, zina joto na zinafuata sauti ya mwimbaji vizuri, E yake tu ndo huwa ya chuma na hio weka kibomba kidogo chini yake isikate daraja. Zitakusumbua siku za kwanza zinashuka shuka, vumilia. Ukishapiga futa unga wa rozini, ile tunayopaka kwenye upinde, kwa kitambaa kikavu, spiriti isikaribie vanishi hata tone.

Sasa fanya hivi, nipigie picha moja ya ubavu, rula ikisimama mwisho wa ule ubao mweusi nione milimita, na nyingine ya juu ya daraja nione unene. Na usimpe seremala wa fenicha hata akikwambia ni dakika tano. Yule fundi wa udi, ile ala ya nyuzi, huku kwetu nishaongea naye, anachonga madaraja kwa kisu na msasa laini na mkono wake nauamini, ukija kwenye harusi ya binamu beba fidla tumpelekee tukae naye pale pale, anachonga kidogo, wapiga, anachonga tena, mpaka G ifunguke.

Nisalimie wote nyumbani.

Nduguyo wa Mombasa