Mwaka wa Farasi: Taarifa ya Mwenyekiti kwa Mkutano Mkuu

Ndugu wanachama wa chama chetu cha wakusanyaji wa sarafu, wazee wetu shikamooni, na wengine wote habari za asubuhi. Katibu ameniambia akidi imetimia, kwa hiyo tusipoteze muda.

Nianze na jambo ambalo najua limewafanya wengi wenu mfike mapema leo kuliko kawaida: ile sarafu ya Korintho, mji wa Wagiriki wa kale. Mwezi Machi kamati iliniruhusu kununua sarafu moja halisi ya Kigiriki kwa ajili ya mafunzo yetu. Nilimpata muuzaji wa ng'ambo mtandaoni, tukapatana bei, nikalipa shilingi 780,000 kutoka mfuko wa elimu. Ilifika ndani ya bahasha nene, na cheti chenye muhuri mwekundu. Upande mmoja farasi mwenye mabawa, upande wa pili kichwa cha mungu wa kike Athena, kofia ya vita imesukumwa nyuma ya paji la uso. Wiki mbili nilitembea nayo mfukoni nikimwonyesha kila mtu, mpaka muuza kahawa wa mtaani kwetu.

Kisha mwanachama mwenzetu ambaye ni sonara akaniomba aishike. Hakumtazama farasi kabisa. Aliigeuza akatazama ukingo, akaiweka kwenye mizani: gramu 7.1. Sarafu kama hiyo inatakiwa iwe karibu gramu 8.6. Kuchakaa kunapunguza uzito, lakini si kwa kiasi hicho. Chini ya kioo cha kukuzia tukaona vishimo vidogo vidogo kama vya andazi lililokatwa, na ukingoni alama za tupa kuzunguka pande zote, pale mtu alipofuta mshono wa kalibu.

Ilikuwa bandia ya kumiminwa, na Wagiriki hawakumimina picha kwenye kalibu. Kipande cha fedha kiliwekwa juu ya muhuri uliokazwa kwenye fuawe, muhuri wa pili ukashikwa juu yake, ikashuka nyundo. Fedha inatanuka, mara nyingi inapasuka kidogo pembeni, na picha inabaki kali. Mimi nilipoona manyoya ya mabawa yamefifia nilisema, "Uzee huo, miaka elfu mbili na zaidi." Kumbe hayakuwahi kuwa makali hata siku moja.

Kosa ni langu. Sikumshirikisha mtu wa kupima kabla ya kulipa. Nusu ya fedha nimekwisha kuirudisha kwa mweka hazina na stakabadhi anayo, iliyobaki nitaimaliza kabla ya Desemba. Kamati ilitaka tuchangishane. Nimekataa.

Sasa, farasi. Wapo waliolalamika, na wana haki, kwamba chama cha watu wenye sarafu za Zanzibar, za Wajerumani na za Jamhuri kilikuwa na haja gani ya kukaa mwaka mzima na Wagiriki na Warumi. Mkutano uliopita ulipitisha kwamba tushike mada moja tuichimbe, badala ya kurukaruka kila mwezi, na kura ikaangukia farasi. Binafsi naona ilikuwa mada ya kwetu pia. Sisi ni watu tuliokua na samaki wa senti tano, mbuni wa senti ishirini na sungura wa senti hamsini. Mtoto wa Korintho naye alikua na farasi wa mabawa, na watu wa kule waliiita sarafu hiyo kwa neno lenye maana ya mtoto wa farasi, kama sisi tulivyokuwa tukisema "nipe sungura". Chini ya tumbo la farasi huyo kuna herufi moja kama duara juu ya kijiti. Ni herufi ya kwanza ya jina la mji, ambayo Wagiriki wengine waliiacha, Korintho wakaing'ang'ania. Ndiyo iliyozaa Q ya alfabeti tunayotumia.

Kikao kilichojaza ukumbi ni kile cha Sirakusa, mji wa Wagiriki kwenye kisiwa cha Sisilia, Italia ya leo. Mji ule uliweka kwenye fedha yake gari la mashindano la farasi wanne. Sarafu zao za mwanzo, mnamo 510 K.K., zina farasi wanaotembea taratibu, na farasi wa nyuma ni kama kivuli cha yule wa mbele, mistari inafuatana puani na kifuani. Miaka mia baadaye wachongaji wamewaachia hatamu, na farasi wote wanne wanakwenda shoti, vichwa kila kimoja kivyake, na mungu wa kike Ushindi, mwenye mabawa, anaruka juu yao na taji mkononi. Miguu kumi na sita katika duara lisilozidi upana wa kizibo cha soda! Mjumbe mmoja aliihesabu yote kwenye picha tuliyoikuza ukutani, akapata kumi na nne, akahesabu tena. Bado tunabishana.

Wachongaji wawili wa huko, Kimon na Euainetos, walitia majina yao kwenye kazi, jambo ambalo mafundi wa sarafu hawakulifanya mara nyingi. Kipande chao kikubwa, cha drakma kumi (drakma ni kipimo cha fedha cha Kigiriki), kina uzito wa gramu kama 43, na chini ya gari zimepangwa silaha, ngao, dirii na kofia, na neno la Kigiriki maana yake "zawadi". Nawasihi mkitazame kwenye picha iliyopo kabatini. Mimi kila nikikiona nasahau hasara yangu.

Hapo ndipo tulipoanza kuuliza swali ambalo limetawala mwaka: farasi huyu ni wa nani? Kufuga farasi wa mashindano kuligharimu mali nyingi, na kwenye Olimpiki ya kale taji la mbio za magari halikwenda kwa mwendeshaji, lilikwenda kwa mwenye farasi. Kwa hiyo mtawala anapoweka farasi kwenye sarafu anajitangaza. Filipo, mfalme wa Makedonia, hakuficha. Jina lake lenyewe maana yake ni mpenda farasi. Mwandishi wa kale Plutarch anasimulia kwamba mwaka 356 K.K. Filipo alipata habari tatu kwa pamoja: jemadari wake amewashinda jirani zao Wailiria, farasi wake ameshinda Olimpiki, na mkewe amejifungua mtoto wa kiume. Mtoto huyo ndiye Aleksanda Mkuu. Kwenye fedha ya Filipo yupo kijana juu ya farasi mkubwa, ameshika tawi la mtende la ushindi, na kwenye dhahabu yake kuna gari la farasi wawili. Dhahabu hiyo ilisambaa mpaka kwa makabila ya Waselti wa Ufaransa na Uingereza ya leo, nao wakaiiga, na waliokuja nyuma wakaiga walioiga. Mwendeshaji akayeyuka, gari likabaki gurudumu moja, farasi akawa mikunjo na nukta. Baadhi yenu mlisema wameharibu. Mimi nasema wale farasi wa nukta wana uhai kuliko nakala nyingi safi.

Lakini aliyetuchekesha ni Anaxilas, mtawala wa Regio, mji wa Wagiriki kusini mwa Italia. Yeye alishinda Olimpiki kwa gari la baghala, yaani wanyama waliozaliwa na punda na farasi, na bila haya akawaweka baghala hao kwenye fedha yake. (Katibu aliandika "nyumbu" kwenye tangazo la kikao, wakaja watu wawili wakidhani tutazungumzia Serengeti.) Mwanafalsafa Aristotle anaeleza kwamba mshairi Simonides aliombwa atunge shairi la kumsifu mshindi wa mbio za baghala, akapewa ujira mdogo, akasema hawezi kuwaimbia nusu punda. Ujira ulipoongezwa akatunga, akawaita mabinti wa farasi wenye miguu ya tufani. Malenga wetu mnaotunga kwenye harusi, nadhani mmeelewa.

Warumi tuliwapa vikao viwili tu. Dinari, sarafu yao ya fedha, ilianza mnamo 211 K.K., na upande mmoja ina mapacha wawili wa hadithi za miungu, Castor na Pollux, wanakwenda shoti na mikuki, nyota juu ya vichwa vyao. Mzee wetu katekista alitunyamazisha wote aliposema kwamba katika Matendo ya Mitume, sura ya 28, meli iliyomchukua Paulo kutoka Malta ilikuwa na alama ya mapacha haohao, na ikatia nanga Sirakusa, kisha Regio. Miji yetu miwili ya mwaka huu, katika aya tatu. Mwingine akaongeza kwamba dinari na dirhamu tunazozisikia mpaka leo zimepita kwa Waarabu kutoka kwa dinari ya Kirumi na drakma ya Kigiriki.

Na tazameni miguu ya wapanda farasi wote hawa. Inaning'inia. Hakuna pa kukanyagia, kwa sababu vile vikuku vya kuwekea miguu vilikuwa bado havijafika huko. Mtu aliyekalia farasi wa shoti kwa nguvu ya mapaja tu, mkono mmoja mkuki, ndiye aliyechongwa.

Sarafu niliyoipenda kwa Warumi haina shoti hata kidogo. Ni ya Kaisari Nerva, ya mwaka 97 B.K., kipande kikubwa cha shaba ya njano. Baghala wawili wamefunguliwa, wanakula majani, na nyuma yao mkokoteni umekaa bila kazi. Maandishi yanasema Italia imeondolewa mzigo wa usafiri wa serikali. Kabla ya hapo wananchi walilazimika kutoa wanyama na magari kwa ajili ya watumishi wa dola. Serikali imefuta tozo, na badala ya kuchonga sura ya waziri imechonga wanyama wanaopumzika.

Mengine nitayapitia haraka. Ada: zaidi ya theluthi moja hawajalipa, na mweka hazina ana orodha, hataisoma kwa sauti mkilipa kabla ya chakula. Maktaba: katalogi mbili zimeazimwa tangu Juni na hazijarudi. Aliyenazo anajijua. Mizani mpya ya sonara imenunuliwa, na kuanzia sasa hakuna sarafu itakayolipiwa na chama kabla watu watatu hawajaipima na kutia sahihi, mwenyekiti akiwamo lakini asihesabiwe kati ya hao watatu.

Kwa mwaka ujao kamati inapendekeza sarafu za shaba za masultani wa Kilwa. Hazina mnyama hata mmoja, ni maandishi matupu, ila maandishi ya upande mmoja yana kina kimoja na ya upande wa pili, kama shairi. Walionuna mwaka huu nadhani watanisamehe. Pendekezo litapigiwa kura baada ya taarifa ya mweka hazina.

Farasi wangu bandia yupo mezani, karibu na daftari la mahudhurio. Mshikeni, mtazameni ukingoni. Mizani ipo kando yake.