Na mapafu je?

Ndugu Mhariri,

Makala yenu kuhusu selimundu nimeisoma mara mbili, ya pili nikilitafuta neno moja tu: mapafu. Sikuliona. Maumivu ya mifupa yamo, upungufu wa damu umo, hata vidonda vya miguuni vimepewa aya yake. Mimi ni mama wa kijana wa miaka 12 ambaye selimundu ilitaka kumchukua kupitia kifuani, kwa hiyo naomba nafasi kidogo.

Alilazwa kwa maumivu ya mgongo na mbavu. Siku mbili za kwanza zilikuwa zilezile tulizozizoea: dripu, dawa za maumivu, mimi kumkanda. Siku ya tatu maumivu yakapungua, nikaanza hata kukunja nguo tuondoke. Usiku ule nikaona anapumua juu juu, mabega yanapanda na kushuka, pua zinatanuka. Kikohozi hakuna, homa kidogo tu. Muuguzi wa zamu alitazama faili akasema, "Mama, huyu ana pumu, mpe pampu yake atulie." Nikampa. Mluzi wa kifuani ukapungua, pumzi haikurudi. Kile kibanio cha kidoleni cha kupima oksijeni ya damu kikasoma asilimia 91. Nikaambiwa si mbaya sana. Labda kwa mtoto mwingine. Wangu akiwa mzima husoma 96, ila hilo hakuna aliyeniuliza.

Asubuhi akapigwa picha ya kifua, pafu la kulia likaonekana jeupe upande wa chini. Hapo ndipo mbio zikaanza: oksijeni, antibayotiki, kuongezewa damu.

Daktari aliyetushughulikia siku hiyo alinichorea nyuma ya karatasi. Tatizo hili la ghafla la mapafu huwakuta wengi wenye selimundu wakiwa tayari wodini kwa maumivu, siku ya pili au ya tatu. Pengine ni maambukizi. Pengine ni mafuta yaliyotoka kwenye uboho wa mfupa uliokosa damu, yakasafiri mpaka mapafuni. Pengine ni mbavu tu zinauma, mtoto anaogopa kuvuta pumzi ndefu, na sehemu ya chini ya pafu inasinyaa. Dawa kali za maumivu nazo zikizidi hupunguza upumuaji. Oksijeni ikishuka, seli nyekundu za damu zaidi hujikunja kama mundu, na zilizojikunja huziba mishipa ya pafu lilelile. Hiki ni miongoni mwa visababishi vikubwa vya vifo vya wenye selimundu, ndiyo maana makala yenu iliniuma.

Muuguzi yule simlaumu sana. Mwanangu kweli ana pumu. Lakini pumu ndiyo ilipaswa kumtia wasiwasi zaidi, kwa sababu mwenye selimundu aliye na pumu hupatwa na balaa hili la kifua mara nyingi kuliko mwenzake. Tena si kila mluzi kifuani kwa watoto wetu ni pumu. Na zile steroidi za kutuliza pumu, wakishazimaliza, zinaweza kuwarudishia maumivu ya mifupa. Mzazi asiyeambiwa hilo atashangaa.

Si habari mpya hii. Mgonjwa wa kwanza wa selimundu kuelezwa katika majarida ya kitabibu ya Marekani, Walter Clement Noel, kijana wa Grenada aliyekuwa akisomea udaktari wa meno, alifika hospitali Chicago mwaka 1904 akikohoa na ana homa. Dk. James Herrick akachapisha habari zake mwaka 1910. Mwaka 1916 Noel alikufa kwa nimonia. Yaani kifua kilikuwamo tangu ukurasa wa kwanza.

Tulipotoka tulipewa kifaa cha plastiki cha mazoezi ya kupumua, chenye vimpira vitatu. Kila anayekishika mara ya kwanza hupuliza, mimi nikiwamo, kumbe unavuta. Akilazwa tena kwa maumivu ya mgongo au mbavu, ni mara 10 kila baada ya saa mbili akiwa macho, hata akininunia. Utafiti wa mwaka 1995 ulionyesha kwamba zoezi hilo hupunguza kwa kiasi kikubwa matatizo haya ya mapafu.

Namba 96 nimeiandika kwa wino mwekundu kwenye jalada la daftari lake la kliniki. Majuzi muuguzi mwingine aliniuliza hiyo ni ya nini. Nilipomweleza, akainakili kwenye faili.

Mama wa mgonjwa, msomaji wenu