Barua kwa mwanangu: kwa nini tumefunga mwamba

Mwanangu Hamadi,

Assalamu alaikum. Huku wazima, bibi yako naye hajambo, goti tu linamsumbua. Sauti uliyonitumia kwenye simu nimeisikiliza mpaka mwisho. Umekasirika. Unasema watu hawana kitu mfukoni, halafu wanajifungia mwamba miezi mitatu, na kwamba huko ni kuikataa riziki aliyoiweka Mungu mlangoni. Nimeona nikujibu kwa barua, maana kwenye simu wewe hunikatiza.

Hatukufunga bahari, mwanangu. Tumefunga kipande kimoja cha mwamba, kule kusini, pweza wasivuliwe hapo wapate kukua, na kwengine kote watu wanakwenda kama kawaida.

Wewe pweza unamjua akiwa kwenye sahani. Mimi namjua nyumbani kwake. Maji yakipwa siku za bamvua, yale yanayopwa mbali kabisa, natembea mwambani macho chini, wala simtafuti yeye, natafuta taka zake. Akila kaa au chaza, magamba huyatupa mlangoni. Ukiyaona masafi, hayajaota ukoga, basi mwenyewe yumo. Unaingiza mchokoo, ile fimbo ya kuchokolea pweza, taratibu, unamgusa, unangoja. Yeye ndiye anayekuja kuushika. Akishaung'ang'ania unavuta, na akitoka huhamia mkononi, minyiri inakunyonya ngozi ikakuachia alama za miduara mpaka kwenye kiwiko. Unamgeuza kichwa kama mfuko, kazi imekwisha.

Maisha yake ni mafupi, mwaka na kidogo. Jike hutaga mara moja tu. Hujifungia tunduni, hutundika mayai yake maelfu kwa maelfu, akakaa anayapulizia maji na kuyasafisha, hali, hatoki, mpaka yaanguliwe. Kisha hufa. Sasa mtu akimchokoa jike huyo siku chache kabla, atapata nyama gani? Amekwisha konda. Na mayai yote yamekwenda naye. Halafu wako wale wadogo wa chini ya nusu kilo, ambao mnunuzi huwashika kwa vidole viwili na kukutajia bei ya kukutia aibu. Pweza hukua upesi kuliko samaki wengi. Huyo huyo wa nusu kilo, ukimwacha miezi mitatu, utamkuta wa kilo mbili na zaidi, kwenye tundu ambalo hukulilipia kodi wala hukumlisha.

Jambo hili hatukulibuni sisi. Wavezo, wavuvi wa Andavadoaka kule Bukini, yaani Madagaska, walilianza mwaka 2004, na hapa Pemba wenzetu wa Kisiwa Panza walitutangulia. Wageni wakija huliita uhifadhi. Mimi naliita hesabu. Simwonei pweza huruma, na nampenda zaidi akiwa wa nazi.

Lakini kuna jambo moja una haki, na hata kikaoni nilisimama nikalisema. Mwanamume ana ngalawa. Mwamba wa karibu ukifungwa, anatweka tanga anakwenda wa mbali. Mwanamke ana miguu yake tu. Mwanzo walitaka wafunge mwamba wote wa mbele ya kijiji, eti kwa sababu ni rahisi kuulinda! Nikawauliza, nyinyi mnaolinda, jioni mtakula kwa nani? Palikuwa na kelele kidogo. Mwisho wakatuachia upande wa mashariki, ule unaofikika kwa miguu.

Na wezi wapo, nisikufiche. Wanakuja usiku na kurunzi. Vijana wa doria wanapokezana, na aliyekamatwa alitozwa faini mbele ya watu, ijapokuwa ana jamaa kwenye kamati. Hilo lilinipa moyo kuliko hotuba zote. Siku ya kufungua kila pweza hupimwa na kuandikwa, kwani mali bila daftari hupotea bila habari, na sisi tulishapoteza vya kutosha kwa mali za kijiji zilizoandikwa kichwani mwa mtu mmoja.

Kuhusu boriti za mkandaa, mti wa mikoko, unazotaka kwa banda lako: sikukatii, na usimtume mjomba wako kwa siri. Mizizi ile ndiko wanakojificha kamba na changu wadogo, na bila ile mikoko mawimbi ya kusi yangelila shamba la nazi la bibi yako. Mivinje aliyoipanda baba yako nyuma ya kisima imefikia unene wa boriti. Hiyo nitakukatia uitakayo, na nyengine nitapanda.

Mwamba tutaufungua bamvua ya mwezi mpevu ujao. Wanunuzi watajaa na mizani zao, na siku ya kwanza bei huanguka kwa wingi wa mali, kwa hiyo nitauza nusu, nusu nitaikausha niiuze pole pole. Ukipata ruhusa kazini, njoo siku mbili kabla, maana boti za kutoka Unguja zitakuwa na watu wengi. Na uje na mchokoo wako mwenyewe. Wa kwangu siazimi.

Mama yako