Taarifa ya Mwaka ya Mwenyekiti kwa Wanachama: Mafundi Majeneza na Watoa Huduma za Mazishi, Mbeya

Wazee wetu, mafundi wenzangu, kina mama mnaotushonea mito na vitambaa vya ndani, vijana wa karakana, habari za tangu mkutano uliopita. Nawashukuru kwa kusimama kimya kuwakumbuka wenzetu tuliowazika mwaka huu. Wote walilala kwenye majeneza tuliyoyatengeneza kwa mikono yetu, na familia zao hazikudaiwa senti.

Mambo ya fedha atayasoma mtunza hazina. Ada zinalipwa vizuri kuliko zamani, wanaodaiwa wanajijua. Gari letu la pamoja lilifungwa matairi mapya kabla ya masika, na pesa ile haikupotea. Anayetoka Uyole kama anakwenda Tukuyu, akafika Isyonje akakunja kuelekea Kitulo na Makete, anajua tope la mwezi wa tatu lilivyo, na nyuma una marehemu na ndugu zake.

Muda uliobaki naomba niutumie kwa jambo moja, na sina budi kulianzia nyumbani kwangu.

Babu yangu alijifunza useremala Rungwe, kwenye misheni ya Wamoravian iliyoanzishwa mwaka 1891, kisha akahamia Mbeya wakati dhahabu ya Lupa ilipokuwa ikivuta watu. Alitengeneza milango, meza na vitanda. Jeneza hakuligusa kabla hajaitwa. Mtu wa msibani alikuja na ufito wa mwanzi uliokatwa kwa urefu wa marehemu, akauegemeza ukutani bila kusema neno. Babu aliacha chochote alichokuwa akifanya, akachukua randa. Kwenye ule urefu aliongeza vidole vinne upande wa kichwa na vinne upande wa miguu. Kazi ikiisha, ufito uliwekwa ndani ya jeneza, ukaenda na mwenyewe; alisema kipimo cha mtu hakilali karakanani. Bei ilizungumzwa matanga yakishavunjwa. Ya mtoto mchanga haikuzungumzwa kabisa, na hilo hadi leo kwetu liko vilevile.

Baba ndiye aliyeanza kuweka majeneza tayari, wala simlaumu. Miaka ya tisini fito zilikuja asubuhi, mchana na usiku. Ukimwi ulifunga nyumba Makete, ukafunga Njombe na Kyela, ukafunga hapa mjini. Mninga wa Chunya ni mzito na bei yake ni kubwa, tukahamia mbao za paini kutoka Sao Hill, nyepesi na rahisi kuranda. Baba alikata saizi tatu akazipanga ukutani. Mimi nikitoka shule nilipiga msasa vifuniko, na wengi waliofunikwa navyo walikuwa na umri wa kaka zangu.

Mwaka 2004 serikali ilipoanza kutoa ARV bure, oda zilianza kupungua, polepole sana. Siku moja baba aliteremsha jeneza lililokaa ukutani mpaka likashika vumbi, akalibomoa, akaunganisha mbao zake kuwa benchi la shule. Sikuwahi kumwona akifanya kazi kwa furaha kama siku ile.

Sasa ni zamu yetu, ndugu zangu, na hatuendi vizuri. Tunawaweka vijana kwenye mageti ya mochwari. Tunawapa watu hela ya soda watuletee habari za waliokata roho. Mwaka huu mama mmoja alipigiwa simu tatu za bei ya jeneza kabla shemeji zake hawajapata hata nafasi ya kumkalisha chini. Ile ya kwanza ndiyo iliyomjulisha kwamba mumewe amefariki. Mimi na katibu tulikwenda kuomba radhi. Alitukaribisha mkekani, akatupa maji, kisha akauliza: "Namba yangu mliitoa wapi?" Katibu aliinama. Mimi nilikosa la kusema, kwa sababu simu ya pili ilipigwa na kijana wa karakana yangu, kwa simu niliyomnunulia mimi.

Najua kuna watakaosema riziki inatafutwa. Tushindane kwa mbao, kwa vanishi, kwa satini isiyochujuka, kwa dereva asiyekunywa. Habari ya kifo ni mali ya wafiwa mpaka watakapoitoa wenyewe. Waislamu wenzetu huzika kwa sanda, na jeneza lao hurudi msikitini. Kwetu wanafuata mbao za kufunikia mwanandani tu. Mwenzetu anayewakatia pale Mwanjelwa hajawahi kumtuma mtu kuwatafuta, na hakosi kazi.

Kamati inaleta pendekezo kwamba mwanachama atakayelipia habari ya msiba, au kumpigia mfiwa ambaye hakumtafuta, asimamishwe mwaka mzima na asitumie gari la chama. Pia majeneza yaliyoanikwa kando ya barabara kuu yarudishwe ndani. La pili wengine mnalipinga, mnasema mteja hatawaona. Nimewasikia, na tutalijadili peke yake.

Wazee waanze kuzungumza, kisha vijana. Kura itapigwa kwa kunyoosha mikono. Karakana yangu imetajwa katika shauri hili, kwa hiyo nampisha makamu aongoze, nami nakaa pale nyuma bila kupiga kura.