Taarifa ya Mwenyekiti kwa Mkutano Mkuu wa Mwaka

Ndugu wanachama,

Hesabu atazisoma Mweka Hazina, na mihtasari ya vikao vya kamati mnayo mikononi. Muda wangu nautumia kwa jambo lililotushughulisha kuliko yote mwaka huu: mbunifu wa samani za ofisi ataishije kwa kazi yake?

Walioliibua ni vijana wetu. Wengi wao huuza mchoro wa meza au kiti mara moja tu, kwa malipo ya siku hiyo, kisha huikuta meza ile ile ikiuzwa Keko, mtaa wa mafundi samani jijini Dar es Salaam, mwaka hadi mwaka, bila jina lao juu yake wala shilingi kwao. Niliwasikiliza nikaumia.

Ndiyo sababu vikao vya kujisomea tulivifungua kwa habari za Gilbert Rohde, mbunifu wa samani wa Marekani. Mwaka 1930, uchumi wa Marekani ukiwa umeporomoka, alimwendea D. J. De Pree, mkuu wa kampuni ya samani ya Herman Miller iliyoko Zeeland, Michigan, akamshawishi aache samani za kuiga mitindo ya zamani. Wakakubaliana alipwe mrabaha: kila samani inapouzwa, naye ana fungu lake. Mwaka 1942 kampuni ikatoa samani zake za ofisi zilizoundwa kwa vipande vya kuunganishwa kwa namna nyingi. Rohde alifariki mwaka 1944, lakini njia aliyoifungua ilibaki. George Nelson, aliyemrithi kama mbunifu wa kampuni, ndiye aliyemleta Charles Eames, mbunifu wa viti aliyepata sifa kubwa.

Baadhi yenu mlisema hao walikuwa na viwanda vikubwa, sisi tuna karakana. Ni kweli. Lakini mrabaha hauhitaji kiwanda kikubwa. Unahitaji karatasi iliyosainiwa na daftari la mauzo lisilofichwa. Wanamuziki wetu wanaudai, kwa nini sisi tusiudai?

Habari za Florence Knoll, mbunifu wa ofisi na samani wa Marekani, ziliwagusa wengi, hasa akina dada. Alisomea usanifu majengo, na msanifu majengo mashuhuri Mies van der Rohe akiwa miongoni mwa walimu wake. Kabla ya kuchora ofisi, yeye na wenzake waliwahoji watumishi: unafanya kazi gani, unaweka nini mezani, unaongea na nani. Mumewe, Hans, alipofariki kwa ajali ya gari mwaka 1955, aliishika mwenyewe kampuni yao ya samani, Knoll, na alistaafu mwaka 1965. Kampuni hiyo iliwalipa wabunifu mrabaha na kuwatangaza kwa majina. Kwangu mimi, jina lina uzito sawa na fedha, kwa kuwa ndilo linaloleta kazi inayofuata.

Kwa wanachama wenye umri kama wangu, yupo Niels Diffrient, mbunifu wa viti, mzaliwa wa Mississippi, Marekani. Alifanya kazi miaka zaidi ya 20 katika ofisi ya Henry Dreyfuss, mbunifu wa bidhaa za viwandani, akishughulika na vipimo vya mwili wa binadamu. Kiti chake cha Freedom, ambacho mgongo wake hujirekebisha kwa uzito wa anayekikalia, kilitoka mwaka 1999, yeye akiwa na miaka 70 hivi. Wabunifu Bill Stumpf na Don Chadwick nao walibuni kiti cha wazee ambacho hakikuingia sokoni. Maarifa ya kazi hiyo wakayapeleka kwenye Aeron ya mwaka 1994, kiti cha wavu kisicho na sponji, kinachotengenezwa kwa saizi tatu. Michoro iliyokataliwa msiichome, jamani.

Kamati imeandaa rasimu ya mkataba wa mfano kati ya mbunifu na mwenye karakana. Ina mambo matatu: mrabaha kwa kila kitu kinachouzwa, jina la mbunifu kubandikwa chini ya kiti au ndani ya droo, na haki ya mbunifu kukagua daftari la mauzo. Kiwango cha mrabaha tumekiacha wazi, kwa sababu wenye karakana wamo humu ukumbini na hatutaki kuwapangia bila kuwasikia. Nakala ziko mlangoni. Naomba kila mmoja aisome kabla hatujafika kwenye kura.