Mifupa haizugiki? Mi nakataa

Mwanangu Beka,

Vipi, uko poa? Wazima wote? Tumekaa kimya sana, hadithi zote tutapigiana tukionana, maana sasa hivi kuna jambo limenikaa kooni na we ndo utanielewa.

Ni Zuhura, mwendeshaji wa gemu yetu ya D&D, ile ya mezani ya kuigiza wahusika na kurusha dado. Juzi mhusika wangu, mnyemeleaji, kakuta mifupa miwili, yaani maiti za mifupa mitupu zinazotembea, inalinda mlango wa yule mchawi, nikasema naizuga, najifanya napiga kushoto halafu nachoma kulia, Zuhura akanikatalia hata dado nisirushe. Eti mifupa haina akili. Tukabishana mpaka mchezaji mwenzetu Doto akaenda zake kulala.

Nimelifikiria sana hili. Anachosema ni sheria ya D&D 3.5, toleo la zamani la 2003, kiumbe asiye na akili kabisa humzugi, imeandikwa wazi. Ila si tunacheza toleo la tano la 2014! Humo mifupa ina alama 6 za akili, zombi, yule maiti mwenye nyama, 3. Ni kidogo, lakini ipo.

Halafu hata nikimkubalia, chenga ya upanga inamtaka mtu anayekusoma mwilini, na zombi hakusomi, anakuja tu. Kwa hiyo usihangaike na akili yake, zuga macho na masikio. Uangalifu wa zombi ni 8, mifupa 9, ukajificha vizuri ukamchoma hajakuona, unarusha dado mbili unachukua kubwa, na kile kipigo cha kuvizia kinawaingia wafu siku hizi, 3.5 kilikuwa hakiwagusi kabisa.

Ila kubwa zaidi ni amri, Beka, amri! Mfu aliyeamshwa kwa uchawi anafanya alichoambiwa mpaka amalize, na bosi wake lazima awe ndani ya futi 60 ndo ampe amri mpya. Sasa si unamvuta bosi mbali kwanza, unamtegea kelele za uongo kule nyuma, mifupa imebaki na maneno ya mwisho iliyosikia. Kama imeambiwa ua anayepita mlangoni, we toboa ukuta. Na saa 24 zikipita mchawi hajarudia uchawi wake, haimtii tena, yani hata kumchelewesha tu ni chenga tosha.

Wenyewe wanatuzuga kila siku bwana, zombi uhai unafika 0 unageuza mgongo, kumbe karusha dado yake kabaki na 1, Doto kashanaswa hivyo mara ngapi? Huyo mmalize kwa mwanga mtakatifu au kwa pigo ambalo dado imeonyesha 20, hapo hainuki.

Na ile chenga yangu ya kushoto kulia namwekea vampaya. Ana alama 17 za akili, huyo anakusoma kila ukitikisika, ndo maana atauingia mtego ambao zombi anaupita bila hata kuuona. Zuhura hili hataki kulisikia, na mi naona ndo utamu wote wa hii gemu.

Sasa naomba uongee naye kabla ya Jumamosi, we anakusikilizaga. Utamwambia? Na we ukiwa unaendesha unaturuhusu kuzuga mifupa au unakataa kama yeye? Ile sheria ya 3.5 unaibebaga bado? Na Jumamosi unakuja au ndo mpaka tukutumie barua nyingine?

Wako,
Simba