Malalamiko: Mmetuuzia safari ya mahekalu ya Tamil Nadu katikati ya mvua

Kwa meneja,

Habari za kazi. Mimi ni yule mama wa safari ya watu watano, Chennai mpaka Madurai, jimbo la Tamil Nadu kusini mwa India, siku nane kuanzia tarehe 2 mwezi wa kumi na mbili, nililipa hapo ofisini kwenu milioni 19 na laki 4 kwa awamu tatu. Tangu turudi nimeshapiga simu mara nne na kila nikipiga naambiwa mhusika katoka, sasa nimeona niandike ili asitokee mtu wa kusema hakuambiwa. Barua ni ndefu naomba muisome mpaka chini maana hela ninayodai iko huko chini.

Nianze na ofisini kwenu mwezi wa tisa. Swali langu la kwanza kabisa, hata bei sijauliza, lilikuwa mvua, nikasema mimi naenda na watoto wawili, mmoja ana miaka 9 mwingine 13, na mama mkwe wangu mwenye miaka 68 na goti bovu, je huko desemba kukoje? Yule dada wa mezani akanijibu bila hata kufungua kompyuta, "mama usiwe na wasiwasi, mvua India ni juni mpaka septemba, desemba ni kukavu kabisa." Mume wangu alikuwa amekaa pale pembeni na yeye akatikisa kichwa kukubali, maana alisoma Pune, magharibi mwa India, miaka minne na kule kweli mvua ni hiyo ya juni. Kwa hiyo na yeye ana lawama yake na nimeshampa nyumbani. Lakini yeye hauzi safari, nyie ndo mnauza.

Kumbe Tamil Nadu iko kinyume, na hili jambo tumelijua tukiwa ndani ya gari maji yamefika nusu ya matairi, akatufahamisha dereva. Akasema huu ni mwezi wao wa Karthigai, unaanza katikati ya novemba mpaka katikati ya desemba, na kila mtu pale anajua ni mwezi wa mvua nzito, hata mtoto wa shule. Mama mkwe kule nyuma akauliza upepo unatokea wapi, dereva akaonyesha baharini, kaskazini mashariki. Mama mkwe ni mtu wa Kilwa, baba yake alikuwa nahodha, akacheka akasema "basi hii si ndo kaskazi yetu hii!" Na ndo yenyewe jamani. Kusi ikivuma kuanzia mwezi wa sita inamwaga maji upande wa magharibi, Kerala na Mumbai, ile milima ya Western Ghats inaziba, Tamil Nadu inabakia na mvua ndogo. Halafu upepo ukigeuka ikaja kaskazi, ile ile iliyokuwa inaleta majahazi ya Wahindi kwetu, inapita kwanza kwenye Ghuba ya Bengali inachota maji, inakuja kuyatua pale pwani ya Chennai kuanzia oktoba mpaka desemba. Huo ndo msimu wao mkubwa wa mvua. Desemba 2015 Chennai ilifurika mpaka uwanja wa ndege ukafungwa, desemba 2023 kimbunga Michaung kikaifurisha tena, haya mambo yalitangazwa dunia nzima. Bibi wa Kilwa asiyejua kusoma ramani kaelewa kwa kuuliza swali moja, kampuni yenye picha ya ndege ukutani haikuelewa!

Ni sawasawa na kampuni ya huko Chennai imchukue Mhindi na familia yake iwalete Zanzibar mwezi wa nne halafu iwaambie kukavu.

Sasa safari yenyewe. Siku ya pili ilikuwa Kanchipuram, hatukufika, barabara ilijaa maji tukarudi, tukakaa hotelini Chennai tunaangalia katuni za Kitamil. Hiyo siku nimelipa na sijarudishiwa hata mia.

Mahabalipuram, ule mji wa pwani wenye mahekalu ya mawe, tulifika tumeloa. Na hapa niseme ukweli maana mimi sio mtu wa kuponda tu. Lile jiwe kubwa la kuchongwa wanaloliita Toba ya Arjuna, shujaa wa hadithi za Kihindu, wengine wanasema ni mto Ganga unashuka kutoka mbinguni, lina ufa katikati na kwenye ufa wamechonga nyoka wenye miili ya watu. Enzi za wafalme wa Pallava inasemekana palikuwa na tangi la maji juu, wakayafungulia yakashuka kwenye ule ufa kama mto kweli. Siku zote watalii wanaona jiwe kavu. Sisi kwa ile mvua maji yalikuwa yanatiririka kwenye ufa wale nyoka wanang'aa kama wanapanda, tembo waliochongwa pale wakubwa kama wa kweli nao wameloa weusi tii, mtoto wangu wa miaka 9 akaniambia mama mto umerudi. Halafu kuna paka amechongwa kasimama mguu mmoja kanyoosha mikono juu anajifanya mchamungu na panya wako chini yake wanamuamini, watoto walicheka hapo kama dakika kumi hawataki kuondoka. Hilo halikuwa kwenye pakeji yenu, lilitoka kwa Mungu na kwa dereva aliyetuonyesha. Maana mwongozaji wa wageni mliyemuandika kwenye ratiba kwa siku tatu tulimuona siku moja tu, tena saa moja na nusu, akasema hana koti la mvua akaondoka!

Hekalu la ufukweni tuliliona kwa mbali, mawimbi yanapiga, mwavuli umegeuka nje ndani, tukapiga picha moja ya ukungu tukakimbia.

Na hapo hapo mlangoni ndo nilipogundua la tiketi. Kwenye risiti yenu mmeandika "tiketi za mahekalu watu watano, 780,000". Pale dirishani pamebandikwa bei, mgeni wa nje rupia 600, mtoto chini ya miaka 15 bure, na tiketi ya hekalu la ufukweni ndo hiyo hiyo inakuingiza kwenye zile Ratha Tano, mahekalu ya kuchongwa kwenye mawe hapo hapo Mahabalipuram. Yaani sisi tulitakiwa kulipa watu wazima watatu, rupia 1,800, haifiki hata elfu sitini ya kwetu. Nikajiambia labda hela kubwa iko Thanjavur. Thanjavur kuingia ni bure! Hakuna hata dirisha la tiketi, unavua viatu unaingia. Sasa hiyo laki saba na zaidi ilienda hekalu gani naomba nitajiwe.

Thanjavur. Hili hekalu nililisubiri miezi yote mitatu, mfalme Rajaraja Chola wa kwanza alilimaliza mwaka 1010, mnara wake unapita mita 60 na wote ni itale, na mume wangu alikuwa anamwambia mama yake kwamba wakati mawe yale yanapandishwa ndo karne ileile ambayo Msikiti Mkuu wa Kilwa Kisiwani ulikuwa unaanza. Mama mkwe alifurahi, alishasema tangu Dar kwamba yeye anaenda kuangalia kazi ya mawe na sio kuabudu, na kazi ya mawe aliiona. Lakini mle ndani ni peku, uwanja mzima ni mawe, yamelainishwa na miguu ya watu miaka elfu, na mvua juu yake. Wametandika mikeka mirefu ya makumbi ili watu wapite ila ilishajaa maji kama sponji. Familia nyingine tuliyoikuta imekuja na soksi, kampuni yao iliwaambia. Sisi hatukuambiwa soksi, hatukuambiwa koti la mvua, orodha yenu ya vitu vya kubeba inasema "miwani ya jua na losheni". Mama mkwe akateleza karibu na yule ng'ombe mkubwa wa jiwe, akaangukia goti lile lile bovu. Tukambeba, zahanati, picha ya eksirei, dawa na bandeji, rupia 4,350 nimeambatanisha karatasi. Nilipowaandikia wasap usiku ule mkaona, tiki za bluu zikatokea, kimya siku mbili, halafu ikaja meseji "poleni sana, mvua ni mapenzi ya Mungu."

Mvua ni ya Mungu sawa, nakubali, ila kalenda mliichagua nyie.

Madurai ndo mlimaliza kabisa. Ratiba yenu, ninayo hapa, inasema: kufika hekalu la Meenakshi saa saba mchana, kuondoka saa tisa na nusu kwenda uwanja wa ndege. Jamani. Lile hekalu linafungwa saa sita na nusu mchana mpaka saa kumi jioni, kila siku, mvua inyeshe isinyeshe! Hii haihitaji utabiri wa hali ya hewa, inahitaji mtu wa kupiga simu moja tu. Tulikaa kwenye gari vioo vimejaa mvuke tunaangalia ile minara, kuna minara 14 na wa kusini una kama mita 52, umejaa masanamu ya rangi kuanzia chini mpaka juu, tunaiona kupitia waipa. Dereva, ambaye watoto walimwita Anna safari nzima, maana yake kaka mkubwa kwa Kitamil, ndo akasema yeye atasubiri na atatukimbiza, tukaingia saa kumi kamili. Na hapo tena mlangoni mume wangu na mwanangu wakarudishwa kwa sababu ya kaptula, simu haziruhusiwi tukaziacha kaunta, mambo ambayo nyie ni kazi yenu kuyajua. Na pakeji yenu imeandika "kuingia mpaka patakatifu", mle hawaingii wasio Wahindu, ni sheria yao na sisi tunaiheshimu, hatukutaka hata kuingia, ila kwa nini mnauza kitu ambacho hakiuzwi? Tulipata dakika ishirini na tano. Ndege tuliidaka kwa bahati.

Dereva simlaumu hata kidogo na naomba asije akakatwa hela kwa ajili ya barua hii.

Ninachodai ni hiki. Tiketi 780,000 toeni hela halisi ya tiketi tatu za Mahabalipuram, zinazobaki nirudishieni. Siku mbili za mwongozaji ambaye hakuwepo, 320,000 kwa bei mliyoandika wenyewe. Siku ya Kanchipuram, siwezi kusema ni shilingi ngapi kwa sababu hamkuitenganisha, nipigieni hesabu mnitumie. Rupia 4,350 za zahanati. Hela ya mvua siidai. Nadai pia yule dada wa mezani aelezwe, kwa upole, sitaki afukuzwe kazi, kwamba India sio mtaa mmoja. Na ile karatasi yenu ya matangazo iliyoandikwa "Mahekalu ya Tamil Nadu, ofa ya desemba" naona bado iko mlangoni, nilipita juzi, itoeni.

Nawapa siku 14 kuanzia leo, kimya kikiendelea nabeba hizi karatasi zote naenda Tume ya Ushindani. Risiti, ratiba, skrinishoti za wasap na picha ya bei za dirishani nimeziambatanisha. Namba ya kutuma hela ni ile ile niliyowalipia.

Mama mkwe anawasalimia, goti linaendelea vizuri. Anasema anataka kurudi Thanjavur mwezi wa pili, kaskazi ikiwa imeshamaliza maji yake, na ameshaanza kuulizia soksi. Tiketi tutakata wenyewe.

Mteja wenu wa safari ya watu watano